Majalada ya Ufipa: Kutoka Shajara za Karema hadi Diski za Pamoja

Mtu wa Namanyere, makao ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, anayetaka kusoma habari za ufalme wa Nkansi wa miaka ya 1890 hazipati Namanyere. Atazikuta Roma, katika nyaraka za Wamisionari wa Afrika. Atazikuta Berlin, katika hifadhi ya taifa la Ujerumani. Nyingine ziko Dar es Salaam, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa. Mambo yalitokea juu ya nyanda za Ufipa, yakaandikwa hukohuko, kisha karatasi zikasafiri. Hali hiyo haijabadilika sana. Ushuru unaokatwa leo kwa mashine ya POS sokoni unaingia kwenye diski zilizo mbali na Rukwa, na mhasibu wa halmashauri anausoma kwenye kompyuta yake bila kuhitaji kujua umelala kwenye chuma gani.

Historia ya namna kumbukumbu za Ufipa zilivyotunzwa ni ndefu, na ndani yake kuna jambo moja linalojirudia kila enzi: kilichopona ni kile kilichokuwa na nakala ya pili mahali pengine. Wahandisi wanaopanga mifumo ya mafaili juu ya safu za diski za mtandao wanalifuata sharti hilo kwa hesabu. Wafipa walilifuata kabla ya karatasi kufika.

Hifadhi ya kwanza ilikuwa vichwa vya watu. Simulizi ya Milansi, kitovu cha kale cha utawala wa Ufipa, inaeleza jinsi mkuu wake Ntatakwa alivyokuwa mawindoni wageni watatu wanawake walipofika, na jinsi aliporudi alivyokuta utawala umekwisha kushikwa nao. Kutoka kwa wageni hao ulianza ukoo wa Twa, ambao baadaye uligawanyika ukawa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliijengea hoja nyingi simulizi hiyo katika vitabu vyake. Ilifika hadi kwake kwa sababu haikuwa mali ya msimulizi mmoja. Ilikuwa imekaa katika nyumba nyingi, na mzee mmoja akifariki wengine walibaki nayo. Hasara yake ni kwamba nakala hazifanani neno kwa neno, na hakuna kipimo cha kuonyesha ni ipi iliyobadilika njiani.

Maandishi ya kwanza yaliyopita Ufipa yalibebwa na watu. David Livingstone alipita kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Ufipa mwaka 1872, akiandika kila siku. Alifariki mwaka uliofuata huko Chitambo, katika Zambia ya leo, na waliohakikisha daftari zake zinafika pwani pamoja na mwili wake ni wasaidizi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi. Wangeweza kuzitupa porini kupunguza mzigo, lakini hawakuzitupa, na shajara hizo zikachapishwa London mwaka 1874. Miaka michache baadaye Chuma huyohuyo aliongoza msafara wa Joseph Thomson, kijana wa Uskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880 na kuandika kitabu kuhusu safari hiyo. Jina la Chuma linastahili kutajwa kila panapozungumzwa utunzaji wa kumbukumbu katika sehemu hizi, kwa sababu bila yeye na wenzake maelezo ya mwaka 1872 yasingekuwapo.

Karatasi zilianza kukaa mahali pamoja mwaka 1885, Wamisionari wa Afrika walipoichukua ngome ya Wabelgiji iliyokuwa Karema, kwenye ufuko wa ziwa. Shirika lao, lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, lilikuwa na sharti ambalo wanahistoria wa leo wanalishukuru: kila kituo kiwe na shajara, na mambo ya siku yaandikwe humo, kuanzia mvua na njaa hadi ugomvi wa watawala na idadi ya wabatizwa. Habari kutoka kwenye shajara hizo zilipelekwa makao makuu, kwanza karibu na Algiers, baadaye Roma. Pamoja nazo kulikuwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, vilivyopangwa kwa namba na tarehe. Kwa familia nyingi za Nkansi, hayo ndiyo maandishi ya kwanza kabisa yenye majina yao.

Karema ilikuwa na mtunza taarifa mwingine. Adrien Atiman, mzaliwa wa eneo la Timbuktu aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea utabibu Malta, alifika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Maelezo ya maisha yake mwenyewe yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga imepewa jina lake.

Faida ya mpango ule wa mapadri ilionekana karne nzima baadaye. Kathleen Smythe, mwanahistoria Mmarekani, alipoandika kitabu chake juu ya familia za Kifipa na uinjilishaji wa Kikatoliki katika Nkansi kati ya 1880 na 1960, kilichotoka mwaka 2006, aliweza kuoanisha kumbukumbu za wamisionari na masimulizi ya wazee wa Ufipa. Hifadhi mbili za aina tofauti, moja ya karatasi na moja ya kumbukumbu za watu, zilisahihishana.

Wajerumani walikuwa na mpango wao. Ufipa iliwekwa chini ya boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, na ofisi zao zilifuata taratibu za masijala za Ulaya: jalada kwa kila suala, namba kwa kila barua, taarifa kwa gavana Dar es Salaam na kutoka hapo kwenda Berlin. Vita vya 1914 viliuvuruga mpango huo. Serikali ilipohama pwani na kukimbilia bara, nyaraka za makao makuu zilisafirishwa pia, na sehemu kubwa ikafukiwa ardhini Tabora ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza walizifukua baada ya vita, na mabaki yake ndiyo mkusanyo wa Kijerumani uliopo Upanga. Mengi yaliyokuwa katika maboma ya wilaya yalipotea moja kwa moja. Mtafiti anayekosa barua Upanga huweza kuipata Berlin katika majalada ya wizara ya makoloni, kwa kuwa taarifa nyingi zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa meli kabla ya bunduki kulia.

Masijala tunayoijua leo ni ya Waingereza. Kila wilaya, Ufipa ikiwamo, iliandika Kitabu cha Wilaya, ambamo mabwana shauri waliofuatana waliongeza historia za koo, majina ya watemi, desturi za ardhi na hesabu za kodi. Vitabu hivyo vilipigwa picha za mikrofilamu, na nakala zake zipo hadi Uingereza. Nyuma yake kulikuwa na chumba chenye karani, rafu na majalada. Sheria za chumba kile bado zinafundishwa kwa watunza kumbukumbu wa Tanzania. Kila karatasi hupewa namba ndani ya jalada. Hakuna kung'oa wala kufuta. Kosa hupigwa mstari, likabaki linasomeka, na sahihisho huandikwa kwenye karatasi mpya. Jalada likitoka, huandikwa limekwenda kwa nani, na haliwezi kuwa kwenye meza mbili kwa wakati mmoja. Sheria hizo nne zikumbukwe, maana zitarudi katika umbo la umeme.

Zipo taarifa za Rukwa zilizovuka mpaka. Bonde la Rukwa ni moja ya mazalio makuu ya nzige wekundu, ambao walivamia nusu ya Afrika kati ya 1930 na 1944. Kwa sababu hiyo, mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, na makao yake yakawa Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka. Taarifa za miaka mingi za wadudu wa bonde letu zikawa zinatunzwa na ofisi iliyokuwa katika nchi nyingine.

Baada ya uhuru serikali iliunda Nyaraka za Taifa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikatunga sheria yake mwaka 1965, kisha ikaibadilisha kwa Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Katikati ya miaka hiyo utawala wenyewe ulipinduliwa juu chini mara kadhaa. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Serikali za mitaa zikavunjwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kutokana na vipande vya Mbeya na Tabora, na katika miaka ya 1980 Wilaya ya Nkasi ikatengwa na Sumbawanga, Namanyere ikawa makao yake. Kila mara majalada yalipaswa kuhama, na kila uhamisho una karatasi zake zisizofika.

Kompyuta ziliingia Tanzania katika hali ya mashaka. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine, likitegemea wataalamu wa kigeni, liliharibika vibaya kiasi kwamba hesabu zilirudishwa mikononi mwa makarani, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Wengi huizungumzia kama woga wa maendeleo. Hukumu hiyo si ya haki: taifa lililokwisha kuona hesabu zake zikipotea ndani ya mashine lilikuwa na sababu ya kutaka kwanza kujua nani atazitunza.

Wakati huo dunia ilikuwa inajenga vitu vitatu ambavyo Nkasi ingevitegemea baadaye. IBM ilikuwa imeuza diski ya kwanza ya kompyuta mwaka 1956, sahani 50 zenye uwezo wa takribani herufi milioni tano. Mwaka 1984 kampuni ya Sun ya Marekani ilitoa NFS, utaratibu uliowezesha kompyuta moja kufungua mafaili yaliyo kwenye diski ya nyingine kupitia waya wa mtandao. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa chuo kikuu cha Berkeley walichapisha hoja ya RAID: badala ya kununua diski moja kubwa ya gharama, unganisha nyingi za bei nafuu na usambaze taarifa pamoja na hesabu za ziada, ili moja ikifa zilizobaki ziweze kujaza pengo lake. Namanyere ya miaka hiyo ilikuwa inafungua majalada yake ya kwanza ya wilaya kwa kalamu na taipureta.

Kilichoiunganisha zahanati ya kijijini na mambo hayo ni MTUHA. Mfumo wa Taarifa za Utoaji Huduma za Afya ulianza kutumika nchini mwaka 1993, na muuguzi yeyote aliyefanya kazi Kirando, Chala au Kate wilayani Nkasi anavijua vitabu vyake vikubwa vyenye mistari, vinavyojazwa wajawazito, watoto waliochanjwa, malaria na vifo. Mwisho wa mwezi hesabu zilijumlishwa kwa mkono, fomu ikapelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Baadaye zikaja kompyuta za wilaya, kila moja na hifadhidata yake, na faili likisafirishwa mkoani kwa diski ndogo au flashi. Hapo ndipo ugonjwa wa nakala nyingi ulipokuwa mkubwa: wilaya ina hesabu yake, mkoa una yake, wizara ina ya tatu, na zote zina jina moja la faili. Mwaka 2013 mfumo wa DHIS2, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na vyuo kadhaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, ulifikishwa nchi nzima. Sasa wilaya zote zinaandika mahali pamoja kupitia mtandao.

Mahali pamoja pasingewezekana bila njia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, mwaka uleule ambao waya wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na matawi yake yalifika Sumbawanga. Kituo cha Taifa cha Data kilijengwa Kijitonyama, Dar es Salaam. Wakala wa Serikali Mtandao, ulioanza mwaka 2012, ukawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Mifumo ya fedha, mipango, mapato na majalada ya ofisi ilihamia kwenye seva za pamoja, mmoja baada ya mwingine.

Ndani ya kituo cha data kwa kawaida seva na diski hazikai katika sanduku moja. Kuna safu ya diski, kabati lenye makumi au mamia ya diski na vidhibiti vyake, na kuna seva zinazoifikia kwa mtandao wa hifadhi, ama kwa nyaya za Fibre Channel zilizopata viwango katika miaka ya 1990, ama kwa iSCSI, utaratibu uliosanifiwa mwaka 2004 wa kupitisha amri za diski juu ya mtandao wa kawaida. Mtaalamu huikata safu hiyo katika vipande, akaipa kila seva kipande chake kwa namba. Huvuta nyaya mbili kupitia swichi mbili tofauti, ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Juu ya kipande ndipo mfumo wa mafaili huwekwa, yaani utaratibu unaoamua jina la faili liko wapi, vipande vyake viko wapi, nani anaruhusiwa kuvigusa.

Hapo kuna mtego ambao karani wa boma angeutambua mara moja. Mfumo wa mafaili wa kawaida, kama ext4 ya Linux, huamini kwamba ndio pekee unaoandika kwenye diski yake. Huweka sehemu ya orodha zake kwenye kumbukumbu ya seva, ukijua hakuna mwingine atakayezibadilisha. Kipande kimoja kikipewa seva mbili kwa makosa, kila moja itaandika kwa orodha yake, na ndani ya muda mfupi zitakuwa zimeharibiana majalada. Ni jalada moja kwenye meza mbili. Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni ile ya NFS: seva moja tu inashika diski, nyingine zote zinaomba kwake, kama watu wanavyosimama mbele ya dirisha la masijala. Ya pili ni mifumo ya kundi, kama OCFS2 au GFS2, ambayo seva zake huwasiliana kabla ya kila kalamu kugusa karatasi, zikipeana kufuli. Ya kwanza ni rahisi kusimamia na kwa ofisi nyingi inatosha. Ya pili ina kasi pale seva nyingi zinapofanya kazi moja, lakini inataka mtaalamu anayeijua hasa, kwa kuwa ikivurugika huvurugika kwa wote kwa pamoja.

Sheria ya kutofuta imerudi pia. Mwaka 2005 Sun ilitoa hadharani ZFS, mfumo wa mafaili ulioanza kutengenezwa mwaka 2001 na Jeff Bonwick na Matt Ahrens, na mwaka 2007 Chris Mason akaanza Btrfs kwa ajili ya Linux. Mifumo hii haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Badiliko huwekwa mahali papya, na likishakamilika ndipo kielekezi huhamishwa. Umeme ukikatika katikati, toleo la zamani bado liko salama. Kwa sababu hiyo ni rahisi kupiga picha ya hali ya mafaili yote kwa saa fulani na kuirudia mtu akikosea. Aidha kila kipande cha taarifa kina namba ya uhakiki, iliyotunzwa mbali na kipande chenyewe, inayokokotolewa upya kila kinaposomwa. Diski iliyogeuza herufi moja kimyakimya hugunduliwa. Kile ambacho simulizi ya Milansi haikuwa nacho, yaani njia ya kujua nakala ipi imebadilika, kimepatikana.

Kwenye safu za diski za mtandao, hata hivyo, ulinzi huo una sharti lake. Safu huwa na RAID yake ndani, na mafundi wengi huipa ZFS kipande kimoja kikubwa wakidhani kazi imekwisha. Mfumo utaona kosa, utalipigia kelele, lakini hautaweza kulitibu, kwa kuwa hauna nakala ya pili inayojulikana kwake. Anayetaka tiba huupa mfumo vipande viwili, ikiwezekana kutoka makabati mawili, uvioanishe. Picha za hali zilizo ndani ya kabati lilelile nazo haziwezi kuitwa nakala rudufu, kwa kuwa kabati likiungua zinaungua nalo.

Ufipa ina sababu zake za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Kwa miaka mingi Sumbawanga na maeneo yake yametumia umeme unaotoka Zambia kupitia Mbala, pamoja na jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Njia ya mawasiliano ni ndefu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikayumba katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Huduma zilizokuwa zimewekwa nje ya nchi zilikuwa katika hatari kubwa kuliko zile zilizokuwa kwenye diski za nchini. Mpango wa busara kwa wilaya iliyo mwisho wa waya ni kuweka nakala ndogo ya kazi hapohapo Namanyere, nakala kuu katika kituo cha taifa, na ya tatu katika mji mwingine, zikilinganishwa kwa namba za uhakiki usiku mtandao unapokuwa mwepesi.

Makaratasi nayo bado yapo. Vitabu vya ubatizo viko parokiani. Vitabu vya MTUHA vilivyojaa, majalada ya mashauri na mihtasari ya vijiji ni karatasi zisizo na nakala popote, na mchwa wa Rukwa hawasubiri bajeti. Sheria ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa muda ambao kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wasomaji, na majalada yaliyofunguliwa Nkasi ilipoanza yameshapita umri huo. Halmashauri iyaorodheshe, iyapige picha ukurasa kwa ukurasa, nakala moja ibaki Namanyere na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa. Paroki za Jimbo la Sumbawanga zifanye vivyo hivyo kwa vitabu vyao, na kazi ianze kabla ya mvua za Novemba.